Mita Sita za Hariri

Mama Fundi alikuwa mwongo. Naanza na hilo kwa sababu mtu akishazeeka watu huanza kumsifu ovyo, na yeye hakupenda kitu kisichopimwa. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu, alikwambia Alhamisi. Alhamisi ulimkuta ameinamia mashine, mdomo umejaa pini, akikuonyesha kwa kidevu kwamba kitambaa chako kiko pale mezani, chini ya vitambaa vya wenzako.

“Kesho,” alisema. “Imebakia kifungo tu.”

Kifungo kilikuwa bado dukani, na nguo ilikuwa haijakatwa.

Mafundi wote husema kesho, lakini yeye alilisema neno hilo kwa imani. Nadhani aliamini kwamba kuna siku inayoitwa hivyo, ndefu kuliko nyingine, ambayo ndani yake kazi zote zingetosha. Sisi wengine pale Mubi, magharibi ya Goma, kwenye barabara ile ya msituni ambako malori yalikwama matopeni hadi madereva wakaoa, tulikuwa tumeacha kulitumia bila kuongeza “Mungu akipenda”. Ilikuwa miaka ya vita. Kila mtu alijua lori gani lingeondoka kwanza, na nani angepewa nafasi juu ya mizigo.

Nilimfahamu nilipopanga chumba nyuma ya karakana yake. Nilikuwa nimetumwa kufundisha historia katika shule ya sekondari, nikiwa na licence, yaani shahada ya chuo kikuu, miwani, na suruali mbili. Aliniita Prof, kama wanafunzi wangu walivyoniita, ila kwa sauti aliyoitumia kumwita kuku.

“Prof, kuja ushike huku.”

“Prof, masomo yote ile, na haujui kama kola yako imegeuka?”

Hakuandika vipimo vya mtu. Alikuzungusha mara moja kama mhunzi anayetazama jembe, akapitisha utepe kiunoni, akausoma kwa kidole gumba, basi. Angekukumbuka miaka mitatu. Siku moja mwalimu mwenzangu, aliyetoka Ngungu, kwenye mashamba ya Masisi, kama mimi, alipeleka koti lirekebishwe. “Umepungua vidole viwili,” Mama Fundi akamwambia. “Kwenu kuko namna gani?” Mwenzangu alikuwa bado hajamwambia mtu. Alikaa juu ya rundo la vitambaa akalia, kwa sababu kwao walikuwa wameyakimbia mashamba, maharage yakiwa bado na maua.

“Vita inapita kwanza mu kiuno,” Mama Fundi alipenda kusema, kwa Kiswahili cha pale, ambamo “ndipo” na “ndiye” ni “njo”, “halafu njo inapita mu barabara.”

Nilimcheka. Mimi nilikuwa na redio; nilifuata habari kwa lugha tatu na nilikuwa na maoni katika zote. Lakini aliyetangulia kujua alikuwa yeye. Wanawake walipoanza kuleta blauzi zao zipunguzwe, alinunua chumvi. Na vijana wa msituni, wale wenye bunduki, walipotuma suruali zao zishonwe upesi, zote kwa siku moja, alifungua skrubu za mashine, akakitenganisha kichwa chake na meza, akakiweka karibu na mlango. Hofu yake ilikuwa na utaratibu. Yangu ilikuwa na nadharia.

Karibu na mlango ule kulikuwa na vitu vitatu daima: kichwa cha mashine kimefungwa katika kitenge, mkasi mkubwa, na gunia la unga lililozungushiwa plastiki. Ukimwuliza gunia lina nini, alijibu, “Nguo ya mwenyewe.” Kwake yeye, “mwenyewe” hakuwa mtu mwingine ila yule aliyeleta kitambaa. Nguo ingeweza kukaa kwake mwaka mzima, ikatandikwa, ikakaliwa na paka, lakini haikuwahi kuwa yake. Niliwahi kumwona akimfukuza dada wa kwaya aliyetaka kujaribu tu gauni la harusi la mtu. Huyo dada alikuwa mpwa wake.

Mwenyewe wa gunia lile alikuwa mke wa mfanyabiashara Mhindi mwenye duka karibu na kituo cha malori. Tulimwita Mama Muhindi, naye aliitika. Alikuwa mteja wa kutisha. Alipitisha kucha juu ya kila mshono, na blauzi moja aliirudisha mara tatu. Mama Fundi alimheshimu kwa hilo kuliko alivyomheshimu paroko.

Alikuwa ameleta sari mbili za hariri, kila moja mita sita, zimechorwa kwa mkono. Hazikuchapwa kiwandani: ukizigeuza uliona rangi ilivyopenya, na pahali brashi iliposita. Dada yake mkubwa, huko kwao, ndiye aliyezichora, picha baada ya picha, kwa ajili ya binti wa Mama Muhindi siku atakayoolewa. Kilichotakiwa ni utepe wa pamba ushonwe kwa ndani kwenye ukingo wa chini, pale kisigino kinapokanyaga na matope yanapouma. Kwa kila sari, kazi ya asubuhi moja. Mama Fundi alimaliza ya kwanza. Ya pili akasema kesho.

Kesho yake risasi zilisikika ng'ambo ya mto. Mama Muhindi alipita ndani ya lori la mumewe, akatoa kichwa dirishani na kupiga kelele, “Nitarudi Ijumaa!” Ijumaa ile ilipita, na Ijumaa nyingi baada yake. Ilikuwa mara ya kwanza mteja kumvunjia Mama Fundi miadi, na hakupata wa kumlaumu. “Ningemaliza siku ile,” aliniambia, “angeenda nazo. Kwa hiyo zitanifuata mimi mpaka azishike mu mikono.” Utepe wa ile ya pili aliushona wiki hiyohiyo, bila kuulizwa na mtu.

Hariri haipendi kukunjwa pahali pamoja. Itakatika kwenye mkunjo. Mama Muhindi alikuwa amemwonya. Kwa hiyo kila baada ya wiki kadhaa, mchana, mlango ukiwa umefungwa, tulizikunjua na kuzikunja upya, mimi nikishika ncha moja. Chumba kilikuwa na mita nne tu. Hatukuweza kuiona sari nzima hata siku moja. Tuliisoma kama kitabu, yeye akikunja upande wake na mimi nikifungua wangu.

Kwenye moja, kijana mwenye ngozi ya buluu anapiga filimbi katikati ya ng'ombe. Hakuna ng'ombe aliyefanana na mwenzake. Mmoja anamlamba kijana kisigino, mwingine amefumba macho kama mzee kanisani. Kwenye nyingine, yeye yuleyule, mdogo zaidi, ameinua mlima mzima kwa kidole cha mwisho, na chini ya mlima wamejibanza watu wa kijiji, ndama, na wanawake na vyungu vyao, wamejikinga na mvua. Juu mawinguni mwenye mvua amepanda tembo mweupe, amekasirika.

“Juu ya nini iko ya buluu?” Mama Fundi aliniuliza, akitaka kujua sababu.

Nilimweleza kwa kirefu kwamba katika falsafa za Mashariki buluu ni rangi ya maombolezo. Sikuwa nimelisoma hilo popote.

“Anaomboleza namna gani, na anacheka?”

Yeye alikuwa na maelezo yake. Mama Muhindi alikuwa amemtajia jina la kijana, Krishna, mara moja, upesi, katikati ya mabishano juu ya uzi. Mama Fundi alisikia Kristo, kwa matamshi ya kwao. Tangu hapo mpiga filimbi akawa Muchungaji Mwema, na kabla ya kufungua gunia alipiga ishara ya msalaba. Mkatoliki aliyeshona mavazi ya kwaya bure, aliyeamini kwamba katekista hajui kusoma vizuri, aliwasha mshumaa mbele ya mungu wa watu wengine na kuona wamefanana. Nilijua amekosea. Mimi ambaye humsahihisha hata kondakta, safari hii nilinyamaza, kwa sababu jina lile lilinipendeza. Likakaa ulimini mwangu.

Vita ilipofika Mubi tulitoka asubuhi moja, pamoja na nusu ya mtaa wetu, kuelekea Kalembe, upande wa milima ya Masisi, ambako wifi yake alikuwa na shamba la mihogo. Mimi nilibeba kichwa cha mashine, yeye gunia. Mkasi hakuniamini nao. Siku ya tatu, mchana, wenzetu wakiwa wametutangulia, tulifika kwenye kizuizi: mti umelazwa barabarani, na vijana saba au wanane wenye bunduki. Mkuu wao alivaa miwani ya jua ya kike na suruali iliyofungwa kwa waya.

“Mama, munabeba nini mu gunia?”

“Nguo ya mwenyewe.”

“Mwenyewe njo nani?”

“Haiko hapa.”

Hakuna jibu baya kuliko hilo kwenye kizuizi. Wakafungua. Vijana wawili walishika ncha za sari ya ng'ombe, wakarudi nyuma, mmoja huku na mmoja kule, hadi ikavuka barabara nzima. Ndivyo nilivyoiona yote kwa mara ya kwanza. Mtutu ulikuwa umegusa mbavu zangu, na bado niliwaza: kumbe yule ng'ombe wa mwisho ana ndama.

“Hii iko drapo,” mkuu alisema. “Drapo ya nani?”

Msomaji wa mbali aelewe. Katika milima ya Masisi miaka ile, ng'ombe hakuwa mnyama tu. Kulikuwa na watu wa mashamba na watu wa mifugo, majirani wa siku zote, na juu yao kulikuwa na wenye bunduki waliojidai kusema kwa niaba ya kila upande. Hawa walijidai kusema kwa niaba ya mashamba. Na sisi tulikuwa tumewatandazia mita sita za ng'ombe.

Mama Fundi alifungua mdomo. Nilimtangulia.

“Si bendera, Komanda,” nilisema, kwa Kiswahili changu safi cha darasani. “Ni picha ya dini tu. Huyo ni Mchungaji.”

Nilitaka asikie mtu wa Mungu, wa kanisani, mwenye Biblia. Lakini neno ni moja, na mbele yake ng'ombe walikuwa wamechorwa.

“Muchungaji?”

“Ndiyo. Mchungaji Mwema.”

Alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. “Mwema kwa nani?”

Nilisukuma miwani puani. Licence nzima, na kilichonijia ni hicho.

“Ng'ombe zake zilikula maharagi ya mama yangu mpaka ku mizizi,” aliwaambia wenzake. “Na huyu wa miwani anasema mwema. Prezida wenu wa ng'ombe njo huyu?” Wakacheka. Mmoja akaniuliza kama mimi pia napiga filimbi. Nilitikisa kichwa kwa nguvu kiasi cha kuangusha miwani, na hapo wakacheka zaidi, na kicheko hicho kilinitisha kuliko bunduki.

Waliichoma pale pale. Hariri haiwaki kama pamba. Inajikunja, inakuwa nyeusi, inanuka nywele. Mama Fundi aliangalia hadi kile kisigino kilicholambwa kilipopotea, kisha akasimama mbele ya gunia.

“Ile ingine,” mkuu alisema.

“Komanda, minakuambia ukweli,” alisema Mama Fundi. “Haiko ya kwangu. Iko ya mama moja alileta nishone. Nilimuambia kesho. Nilikuwa nadanganya. Vita ikamukimbiza kabla nimalize, njo maana minaibeba. Ukichoma hii, mi nitamuambia nini?”

Mkuu alivitazama vidole vyake. “Wewe iko fundi?”

“Fundi.”

“Mi niliachaka suruali kwa fundi moja wa Walikale. Mwaka muzima ananiambia kesho. Vita ilikuja, mutu akakimbia na suruali yangu. Nilimuonaka nayo mu soko, ameivaa!” Wenzake walilipuka kwa kicheko. “Na wewe unabeba nguo ya muntu mu pori siku tatu?”

“Njo kazi.”

Akaamuru sari ya pili ikunjuliwe. Nilifumba macho, kwa maana mle pia ng'ombe walikuwemo. Nilimsikia akipita polepole kutoka ncha moja hadi nyingine, buti zake zikinyonya matope.

“Huyu anabeba mulima?”

“Anabeba.”

“Watu ya shamba iko chini. Na ng'ombe iko chini.”

“Wote. Juu ya mvua.”

“Na akichoka?”

“Akichoka, itaanguka juu ya wote. Sijui kama anachokaka, Komanda. Dada ya mwenyewe njo alichora, mi nashona tu chini.”

Kijana yule alisimama pale. Mlima wa kweli ulikuwa nyuma yake, umekwanguliwa na maporomoko ya mvua ya juzi, na nilimwona akiutazama. Kisha akasema, “Kunja.” Mama Fundi akakunja, na hata pale, mbele ya bunduki nane, alisogeza mikunjo vidole vitatu ili isikae pahali pamoja.

Siku nne hakusema nami. Ya tano, tukiwa tayari Kalembe, alinyoosha mkono bila kunitazama. “Leta ile shati. Imepasuka mu kwapa.” Hakuizungumzia sari iliyoungua, kwangu wala kwa mtu mwingine. Walioijua safari ile walipouliza ilikuwaje, alisema walikuta ng'ombe, wakakasirika. Nani alitamka neno gani, hakuwahi kusema. Nilisubiri anitaje, miezi mingi. Ningependa kusema nilijitaja mwenyewe. Nilitunga hotuba kadhaa nzuri, zenye mwanzo, kiini na hitimisho.

Maisha ya Kalembe sitayaeleza yote. Alishonea watu wa mashamba na watu wa mifugo kwa mashine ileile, akiwadanganya sawasawa. Tuliendelea kuikunjua sari iliyobaki, katika chumba kidogo zaidi cha wifi yake. Tulikimbia mara mbili tena, nayo ikakimbia nasi. Baadaye mimi nilipata kazi Goma, katika chuo, nikaanza kuandika insha zinazosomwa na wenzangu wanne.

Ilipita miaka mingi. Kisha mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mwenye duka na malori pale Mubi, alinipigia simu. Mama Muhindi alikuwa njiani na mwanawe, anakuja kuangalia kiwanja chao cha zamani. Mfanyabiashara alikuwa amemweleza juu ya gunia. Mama Fundi alisema nije nimsindikize.

Nilimkuta Kalembe, amekuwa mwembamba, jicho moja limeingia ukungu. Alinizungusha. “Umenenepa vidole vinne,” alisema. “Goma kuko salama?” Haikuwa salama, lakini nilielewa hesabu yake. Tulipanda pikipiki mbili. Njiani, kila tuliposimama, midomo yake ilikuwa ikicheza. Nilidhani anasali rozari. Nilipomkaribia nikasikia: “Mama, ya pili haiko. Mama, ile ingine haiko.” Alikuwa akijizoeza.

Duka la mfanyabiashara lilikuwa limejaa. Kwenye veranda, wanaume watano wenye bunduki walikuwa wakichaji simu zao, wamekaa juu ya magunia kama wenye nyumba. Sikujua ni wa upande gani. Mjini Mubi mtu haulizi. Mama Muhindi alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, nywele nyeupe, miguu imevimba.

Hawakukumbatiana. Mama Fundi aliweka gunia juu ya kaunta, akalifungua, akamkunjulia. Mama Muhindi alivaa miwani, akapitisha kucha kwenye ukingo wa chini, mita sita zote, mshono kwa mshono. Alipofika mwisho aliinamisha kichwa mara moja kukubali, na nikaona mabega ya Mama Fundi yakishuka.

“Na ile ya ng'ombe?”

Mama Fundi alitazama veranda. Kisha alinitazama mimi. Niliona kwamba ule mlango wa kusema ulikuwa wangu, umeachwa wazi kabisa, na kwamba nilihitaji maneno matano tu. Wanaume wa veranda walikuwa wamegeuza shingo kutusikiliza. Nilivua miwani nikaanza kuifuta.

“Niliichoma na pasi,” Mama Fundi alisema.

“Pasi?”

“Makaa ilikuwa mingi, Mama. Niligeuka kuongea na muntu. Nilisikia harufu ya nywele.”

Fundi anaweza kukiri kwamba alichelewa, kwamba alikata fupi, hata kwamba aliiba kipande. Kuichoma nguo ya mtu kwa pasi ni jambo ambalo mafundi hawalisemi hata kwa padri. Mama Muhindi aliinuka, akishika kaunta.

“Dada yangu alikufa! Haiko tena muntu wa kuchora ile! Nilikuachia kazi ya mutoto mudogo, nawe unaongea na watu? Mavi ya fundi!”

“Pole, Mama.”

“Binti yangu aliolewa na sari ya kuazima!”

“Pole.”

Watu dukani walianza kucheka kwa aibu, kisha kwa furaha. Nilijua kwamba kabla ya jioni habari itakuwa imefika stendi ya pikipiki, kesho Walikale, na kwamba kila aliyewahi kungojea suruali kwa Mama Fundi angeisimulia. Mama Muhindi aliikunja sari ya mlima mwenyewe, akaishika kifuani kwa mikono yote miwili kama mtu anayetoka sokoni na mayai, na kupita katikati yetu bila kuaga.

Nimejiambia mara nyingi kwamba Mama Fundi alidanganya kwa sababu ya wale wa veranda. Kwamba kumtaja aliyechoma, na sababu, kungetuletea matata. Ni maelezo mazuri. Nimeyakagua kila upande, na kila upande yanaonyesha kwamba mimi pia nilikuwepo, na nilikuwa na ulimi.

Nje, dereva wa pikipiki alikuwa anaiwasha kwa teke. Mama Fundi alikuwa anahangaika na mikono, hajui aiweke wapi bila gunia.

“Mama,” nilianza, “mle ndani ilibidi mimi niseme kwamba...”

“Nyamaza, Prof,” alisema, akipanda. “Wewe ukisemaka, nguo ya watu inaungua.”